Ukuta wa Mzee Sayi na Mbuzi wa Huenda

Vijana wa mwiko mliobaki kazini mmeniomba niandike habari za kazi yangu, kwa kuwa sasa magoti yamekataa kupanda jukwaa. Nimekubali kwa sharti moja: msiniulize mishahara. Wa kwanza ulikuwa mdogo, wa mwisho ulikuwa mdogo vilevile, ila nilikuwa nimeuzoea. Vyeo vyangu navyo ni vifupi. Nilianza nikiitwa "wewe," nikamaliza nikiitwa "fundi." Nitakachoeleza ni kuta, hasa kuta za kubomoa, maana kujenga kila mmoja wenu anajua, au anadhani anajua.

Nilitoka kwetu Shinyanga siku za ile vita kubwa ya pili, nikiwa mtu mzima mwenye mke, baada ya pamba yetu kunyauka shambani. Watu walikuwa wanakwenda Geita kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu, nami nikaenda. Nilidhani nitapelekwa chini ya ardhi. Nikapelekwa kwenye matofali, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zikijengwa, nikakabidhiwa kwa Fundi Ramadhani.

Ramadhani alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, kofia ya kufuma haimtoki kichwani, na alizungumza na matofali vizuri kuliko alivyozungumza na watu. Siku yangu ya kwanza alinipa kamba ya timazi, lile pande la risasi linalokuonyesha kama ukuta umenyooka, akaniambia nishike juu nisitikisike. Nikashika. Jua likapanda, nzi wakatua usoni pangu, mkono ukafa ganzi. Yeye akajenga kimya kimya, akanywa chai, akajenga tena. Mchana aliponiruhusu kushusha mkono aliniuliza, "Umejifunza nini?"

"Sijajifunza kitu, fundi. Nimesimama tu na kusumbuliwa."

"Basi umejifunza. Hiyo ndiyo kazi ya ukuta."

Nilifikiri ananidhihaki. Baadaye nikajua kwamba alikuwa ananidhihaki na kunifundisha kwa wakati mmoja, na mtu wa namna hiyo ukimpata usimwache.

Kanuni yake ya kubomoa ilikuwa hii: kabla ya kugusa ukuta wa ndani, panda darini ukaangalie. Usiuulize ukuta una unene gani, uulize umebeba nini. Ukikuta miti ya paa imeulalia, huo si ukuta tena, ni mgongo wa mtu, na mgongo wa mtu hauondolewi kwa sababu sebule imekuwa ndogo. Ukitaka kuuondoa, andaa kwanza mgongo mwingine. Na mgongo mwingine una gharama yake.

Kuna mwenye kilabu cha pombe kule Rwamgasa, siku hizo palikuwa vibanda vichache na wachimbaji wengi, ambaye alikataa gharama hiyo. Alitaka kuunganisha vyumba viwili. Ramadhani alipomtajia nguzo, boriti na miti ya kuegemeza, yule bwana alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nataka tundu, fundi, wewe unaniuzia nyumba nyingine!" Akawaita wachimbaji wanywaji wake, akawalipa kwa pombe. Wachimbaji walifanya kazi safi kabisa. Walibomoa ukuta wote hadi chini, wakafagia. Paa nalo likangoja kwa adabu mpaka jioni, likashuka juu ya mapipa. Hakuna aliyeumia, kwa sababu nje kulikuwa na watu wawili wanapigana na kilabu kizima kilikuwa kimetoka kutazama. Tangu hapo sijawahi kuwalaani walevi wanaopigana.

Tulipoitwa kurekebisha, nilisubiri Ramadhani amkumbushe mwenye kilabu maneno yake. Hakumkumbusha. Aliomba kiti, akakaa katikati ya kifusi, akasema, "Sasa tuanze upya. Tulikuwa tumefika wapi?"

Vita ilipokwisha, Ramadhani alirudi kwao Ujiji, akaniachia wateja wake na malalamiko yao. Nikafanya kazi huku na huku, Geita, Buseresere, Kahama. Miaka ya hamsini ilipofika jina langu lilikuwa linajulikana kidogo, na ndipo nikaitwa Kagongwa kwenye nyumba ya Mzee Sayi. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka mwijue, maana makadirio yake sijapata kufanya tena mengine kama yale.

Mzee Sayi alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua upande wa Kahama, akawaswaga mpaka Geita kuwauza, maana mgodini watu walikula nyama. Alikuwa na wake wawili. Wenzake huwajengea wake nyumba mbalimbali, lakini Sayi alipiga hesabu ya mabati akaona paa moja ni rahisi kuliko mapaa mawili. Akajenga nyumba moja ndefu, akaikata katikati kwa ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Mke mkubwa, Mama Kulwa, mlango wake ulitazama mashariki. Mke mdogo mlango wake ulitazama magharibi. Katikati hakuacha hata tundu la panya. Nje akapanda uzio wa minyaa uliotenganisha ua na ua. Kwa Mama Kulwa alisema, "Yule mdogo anakucheka uzee wako." Kwa yule mdogo alisema, "Yule mkubwa ana dawa, usile chakula chake." Kisha akawa anatembea kati ya amani hizo mbili kama mtemi.

Siku moja ya masika, yeye akiwa safarini, yule mdogo alishikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Mama Kulwa alimsikia kupitia ukutani. Alipiga kelele, akajibiwa kwa kilio. Ikabidi atoke kwenye mvua, azunguke nyumba nzima, apenye kwenye minyaa, na alipofika akakuta mlango umefungwa kwa ndani na mwenye kuufungua yuko sakafuni. Akavunja dirisha kwa mchi. Mtoto alipona, mama yake akapona, na mtoto akaitwa Limi. Lakini Mama Kulwa hakuisahau ile njia ya kuzunguka.

"Nilikuwa namsikia anakufa," aliniambia, "na mkono wangu uko kwenye ukuta hivi. Ningeweza kumshika."

Wakati wa kumwuguza mwenzake ndipo wale wake wawili walipozungumza kwa mara ya kwanza bila mume. Wakalinganisha waliyoambiwa. Nadhani hapo ukuta ulikuwa umeshabomoka, ilibaki kunitafuta mimi.

Nilifika, mzee akiwa safarini tena, na mwenzangu Mabula, fundi mwenye mikono mizuri na tumbo lisilo na subira. Tukasalimiana, mwangaluka, habari za nyumbani, na shikamoo zake.

"Marahaba, fundi," akasema Mama Kulwa. "Ukuta huu kuuangusha ni shilingi ngapi?"

"Kuuangusha ni bure, mama. Ng'ombe mmoja mwenye hasira anatosha. Gharama ni kulizuia paa lisiufuate."

Mama Limi alikuwa ananyonyesha mlangoni. Akainua uso. "Kwa hiyo tunakulipa ili jambo fulani lisitokee?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mganga hulipwa hivyo hivyo," akasema Mama Kulwa. "Endelea."

Nilipanda darini. Ukuta ulikwenda hadi mgongoni mwa paa, na kenchi zote, zile mbao za kubeba mabati, zilikuwa zimeulalia kama wagonjwa. Nikashuka nikawaeleza yote. Miti ya kuegemeza paa pande zote mbili kabla ya tofali la kwanza kutoka, na chini ya kila mti ubao mpana, kwa sababu ule ulikuwa udongo wa mbuga, ukilowa unameza. Nguzo mbili za matofali ya kuchoma, zenye misingi yao wenyewe. Boriti nene ya kulala juu ya nguzo. Saruji kidogo. Kisha kutoa kifusi, kuziba sakafu, na kupiga lipu mahali palipojeruhiwa.

Mama Limi alitaka ukuta wote uondoke, asione hata alama yake. Nikamwambia, "Kila hatua ya ukuta mnayoniachia ni hatua ya boriti msiyoinunua." Wakatazamana. Wakakubali niache vipande huku na huku, katikati nifungue sebule. Kifusi walisema watajengea banda la kuku. Miti ya kuegemeza waliazima kwa jirani aliyetaka kujenga zizi, kwa mtungi wa pombe. Yule jirani alikuwa akija kila siku kuhakikisha miti yake haijapinda, na mtungi ukawa mitungi.

"Na mwisho," nikasema, "fungu la huenda."

"La nini?"

"La huenda. Huenda tukafungua tukakuta jambo nisilolijua sasa."

Mama Kulwa aliweka mikono kiunoni. "Nikulipe kwa usilolijua? Basi nami nitakuwa tajiri, fundi, kwa maana nisiyoyajua ni mengi kuliko yako."

Tulivutana hapo zaidi kuliko kwenye saruji. Mwishowe yeye ndiye aliyepata njia. Alileta beberu mmoja mnene, akamfunga kwenye nguzo ya ua. "Huyu ndiye huenda wako. Likitokea jambo, tutamuuza. Lisipotokea, tutamla pamoja kazi ikiisha." Sijapata kuona makadirio yaliyoandaliwa kwa akili kama hiyo. Kuanzia siku ile kila mtu kwenye kazi ile aliomba kusitokee jambo. Mabula alikuwa anamletea yule beberu majani kwa mkono wake.

Ilibaki boriti. Mninga wa unene ule ulikuwa ghali, nikajikuna kichwa. Mama Limi akasema, "Ipo." Akatupeleka nyuma ya ghala, akafunua turubai. Chini yake palikuwa na boriti ya mninga iliyonyooka, imekauka vizuri, pamoja na mbao nyingine.

"Ya nani?" nikauliza.

"Mimi aliniambia ni ya jiko langu," akasema Mama Kulwa.

"Na mimi aliniambia ni ya jiko langu," akasema Mama Limi. "Ila mjomba wangu anayeswaga naye ng'ombe ametuambia ni ya nyumba ya mwanamke mwingine, kule Geita."

Mabula alinivuta pembeni. "Masanja, hii nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Akitushtaki kwa mtemi tutasema nini?"

Mama Kulwa alikuwa na masikio mazuri. Ukuta ule ulikuwa umemzoeza kusikiliza. "Mtasema mabati ya nyumba hii yalinunuliwa kwa pamba yangu ya miaka miwili, na Kagongwa yote inajua. Kama mtu anamjua mwenye nyumba mwingine, amtaje."

Nilikaa nikafikiri. Niliogopa kwa kweli. Jina la fundi ni kama yai. Nikibomoa nyumba ya mtu bila ruhusa yake na paa likashuka, nisingepata kazi tena hata ya choo. Lakini nilikuwa nimeshaweka mkono wangu ukutani pale aliponionyesha, na nilikuwa nimesikia sauti ya mtoto upande wa pili, karibu kabisa. Nikasema tuanze.

Tulisimamisha miti, tukagonga kabari chini yake mpaka paa likaguna. Hapo ndipo mnajua paa limekubali kuhama. Tukajenga nguzo, tukaziacha zikauke. Kisha nikaanza kuondoa matofali ya juu, taratibu, moja moja kwa tindo, maana sululu haina huruma wala akili. Nilipofika chini ya kenchi ya pili nilibandua udongo nikaona mguu wa ile kenchi umekuwa kama mkate mkavu. Mchwa walikuwa wamekula wote, wakaacha ngozi. Ule mti ulikuwa unasimama kwa mazoea.

Mabula aliona pale pale. Aligeuka polepole akamtazama yule beberu uani. Kisha akanitazama mimi.

"Tukipaka udongo," akanong'ona, "nani atajua?"

"Paa."

Alishuka jukwaani, akaenda kumuaga mnyama wake. Beberu aliuzwa mnadani, seremala wa Kahama akatukatia mguu mpya wa kenchi, na Mama Kulwa akaniambia kwa hasira kwamba lile neno huenda nisilitaje tena nyumbani kwake, kwa kuwa liliitwa, likasikia, likaja.

Ukuta ukatoka, boriti ikapandishwa juu ya nguzo, na siku ya kulaza uzito juu yake niliwaambia wote watoke nje. Mama Limi alitoka na watoto. Mama Kulwa alikataa. Alisimama katikati, pale palipokuwa na ukuta, mikono amekunja.

"Mayu, mama yangu, toka," nikamwambia. "Nakuomba."

"Una hakika na kazi yako?"

"Nina hakika."

"Basi nitoke kwa nini?"

Nikagonga. Kabari ya kwanza ikatoka, boriti ikalia mlio mfupi, vumbi likatushukia kichwani. Ya pili. Mti wa mwisho ulipolegea, paa lilishuka upana wa kidole, likatulia. Kuku mmoja akaingia kwa mlango wa mashariki, akapita chini ya boriti akidonoa, akatokea magharibi. Mama Kulwa alimfuata kwa macho mpaka alipotoka, kisha akaketi sakafuni, akafunika uso kwa kanga, akalia. Mama Limi alipoingia na kumkuta hivyo alidhani jambo limeharibika. Alipoelewa, akaketi naye. Mimi na Mabula tukakumbuka tuna kazi nje.

Tulikuwa tunamalizia lipu Mzee Sayi aliporudi. Alikuja na gari la ng'ombe na mwendeshaji wake, akaingia kwa mlango wa mashariki kama kawaida yake, akasimama. Mbele yake palikuwa na sebule pana, wake zake wawili wameketi kwenye mkeka mmoja wanachambua mchicha, na mlango wa magharibi uko wazi, jua linaingia.

"Karibu nyumbani, Baba Kulwa," akasema mke mkubwa.

"Karibu, Baba Limi," akasema mke mdogo.

Alikuwa hajawahi kusikia majina hayo mawili katika chumba kimoja. Aligeuza kichwa huku na huku kama aliyepigwa kofi mashavu yote. "Ukuta uko wapi?"

"Banda la kuku," akasema Mama Limi. "Umetosha kabisa."

Akainua macho. Aliitazama ile boriti muda mrefu. "Hii boriti… hii ni yangu."

"Ni yako," akasema Mama Kulwa. "Uliniambia ni ya jiko langu."

"Nami uliniambia ni ya jiko langu," akasema Mama Limi. " Tukaona tusigombane, tuitumie pamoja."

Mzee Sayi alifungua mdomo. Wakati huo huo mwendeshaji wa gari, ambaye hakujua lolote, akaita kutoka nje: "Mzee, tunapakia? Fundi wa bi mdogo anangoja boriti!"

"Bi mdogo si mimi?" akauliza Mama Limi kwa upole. "Mwambie nimeshaipata."

Hakuna aliyecheka. Mabula alikuwa ameuma mwiko. Sayi alinigeukia mimi, jasho likimtoka, akasema atanipeleka kwa mtemi, mimi na vyombo vyangu. Mama Kulwa akainuka, akajifunga kanga. "Twende wote. Mtemi ataanza kwa kuuliza boriti ilikuwa ya nyumba ya nani."

Kisha yule mzee akanisogelea, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Fundi. Nikiiondoa, paa litaanguka?"

"Litaanguka, Baba Kulwa."

"Lote?"

"Lote."

Aliipapasa ile nguzo, akabisha kwa vifundo vya vidole. "Lakini umeijenga vizuri," akasema, kisha akaenda kunawa miguu. Yule mwanamke wa Geita, nilisikia, alichoka kungoja akaolewa na mtu mwenye nyumba tayari.

Baada ya mavuno Mzee Sayi alinitafuta mwenyewe mnadani, akanishika mkono, akaniuliza habari za watoto wangu wote kwa majina. Nikajua ana shida. Alisema sebule ni nzuri, haina neno, hewa inapita. Ila mwanamume naye anahitaji pa kulaza ubavu wake na kuwaza mambo yake. Alitaka pembe moja ikatwe kwa ukuta mdogo. Nilimfanyia makadirio papo hapo, kwa furaha, bila boriti, bila nguzo, bila huenda, maana ukuta usiobeba kitu ni rahisi kuliko mlango.

Nilipofika na matofali Mama Kulwa alinipokea uani. Alimwangalia Mabula akichanganya udongo wa kichuguu, akauliza ni wa nini, nikamweleza.

"Mjengee," akasema. "Ni haki yake. Lakini usiufikishe juu."

"Kwa nini, mayu?"

Alitazama ndani, ambako Mama Limi alikuwa tayari anampimia mzee mahali pa kitanda.

"Huwa anaongea usingizini."